Dawa ya Wanaoanguka

Vijana wangu wauguzi, mmeniandikia barua ya heshima mkiniomba niwaeleze mafanikio yangu katika uuguzi. Nimeisoma nikiwa na miwani, nikaisoma tena bila miwani, nikidhani labda neno lenyewe litabadilika. Halikubadilika. Mafanikio yapo, siwezi kuyakana. Nimezalisha watoto ambao leo wana wajukuu, na wengine wakinikuta sokoni Same huniamkia kwa sauti kubwa hadi wauza nyanya wanageuka. Hayo mtaelezwa na wengine. Mimi nitawaambia habari za kifafa, kwa sababu ndiyo kazi niliyoifanya kwa bidii kuliko zote, na ndiyo niliyoiharibu.

Mimi ni mzaliwa wa Suji. Miaka michache baada ya Uhuru nilimaliza mafunzo ya uunesi, nikapangiwa zahanati moja ya mlimani, juu ya Gonja. Ilikuwa na vyumba viwili, bati moja lililotoboka, na meza ya kuzalishia iliyokuwa na mguu mmoja mfupi, tukautegemeza kwa jiwe. Ukisimama mlangoni asubuhi ya mawingu huoni kitu. Mawingu yakiondoka unaiona tambarare yote ya Maore chini, na mashamba ya mkonge yamepangwa mistari, na vumbi la lori linalokwenda Same. Nilikuwa na sare mbili, viatu vyeupe ambavyo havikumaliza wiki vikiwa vyeupe, na daftari la masomo nililoliamini kama Biblia.

Aliyenipokea ni dresa wetu, Mzee Zuberi. Jina dresa ninyi hamlijui. Alikuwa mtu wa kufunga vidonda, kuchemsha sindano, kusafisha, na kufanya kila jambo ambalo mwenye cheti hakutaka kulifanya. Mzee Zuberi alikuwa mtu wa Songea. Alikuja kukata mkonge akiwa kijana, akajifunza kufunga vidonda kwenye zahanati ya shamba, kisha serikali ikamchukua na kumpandisha huku kwetu kwenye baridi. Kusoma alikuwa anajua majina ya dawa tu, kwa umbo la neno, kama unavyomtambua mtu kwa mwendo wake kabla hujauona uso.

Mwezi wangu wa kwanza, mtu mmoja mkubwa, mbeba magogo, alianguka kifafa kwenye foleni. Watu wote wakaruka nyuma. Enzi zile waliamini lile povu likikugusa nawe umeupata ugonjwa, na wapo wanaoamini hivyo hadi leo, msijidanganye. Mimi nikakimbilia kijiko. Nilifundishwa kwamba mtu asije akaumeza ulimi. Nikamtia kijiko kinywani, jino likavunjika, kijiko kikaruka, na kidole changu kikabaki humo ndani. Nikapiga kelele kuliko mgonjwa.

Mzee Zuberi alinikomboa taratibu, akamlaza yule mtu ubavu, akamfungua kifungo cha shati, akamfuta povu kwa kiganja chake kitupu mbele ya watu wote, kisha akachuchumaa pembeni akisubiri. Mtu alipotulia, ndipo akanitazama.

"Nesi," akasema, "mtu akianguka kifafa hana njaa. Usimlishe."

Foleni nzima ilicheka. Kovu ninalo hapa kwenye kidole cha shahada, mkija nitawaonyesha. Basi somo la kwanza nawapa bure: mlaze ubavu, ondoa kila kigumu kilicho karibu na kichwa chake, usimshike kwa nguvu, usimtie kitu kinywani, tazama saa, na tulia. Kama hatulii baada ya dakika tano, hapo ndipo mnaanza kukimbia.

Somo la pili nalo ni lake. Siku ile jioni alinikuta nikimhoji yule mbeba magogo, nikimwuliza ilianzaje, ulihisi nini, mkono upi ulianza. Yule mtu alikuwa akinitazama kama ng'ombe. Mzee Zuberi akanivuta pembeni.

"Unamwuliza mtu ambaye hakuwepo," akasema. "Ugonjwa huu unakuja mwenyewe akiwa ametoka. Mwulize aliyebaki."

Tangu siku ile nikawa nawauliza mama, wake, majirani. Nawaambia, "Usinieleze, nionyeshe." Wanaona aibu kidogo, kisha wanaonyesha. Nimeona akina mama watu wazima wakijitupa sakafuni mwa zahanati wakitetemeka, na hakuna picha ya kitabu iliyowahi kunifundisha zaidi.

Binti mmoja, Namsifu, aliletwa nikiwa nimeshakaa mlimani miaka kadhaa na jina langu limeshatembea. Watu walikuwa wanasema, Nesi Naetwe anaweza kifafa. Ilikuwa kweli kwa kiasi chake. Kwenye kabati nilikuwa na kopo la bati la fenobabitoni, vile vidonge vidogo vyeupe, na wagonjwa kama kumi na wanane niliokuwa nawapa. Waliokuwa wakianguka kila wiki walikaa miezi bila kuanguka. Mwanamke mmoja aliyekuwa ameungua uso kwa kuangukia motoni alianza tena kupika. Nilikuwa najivuna, kwa nini niseme uongo? Nilikuwa natembea kijijini kama mtu aliyeleta mvua.

Mtoto alikuwa na miaka tisa, mwembamba, mchangamfu, na nywele zimesukwa vizuri kwa uzi. Mama yake, Mama Namsifu, alikuwa mjane kijana, mwanamke mrefu wa maneno machache. Alikuwa na kikaratasi cha mwalimu. Kiliandikwa kwamba mtoto huyu ni mvivu na ana kiburi, anaposemeshwa hukaa kama sanamu, na viboko havijasaidia.

"Yeye mwenyewe anasemaje?" nikauliza.

Namsifu akajibu mwenyewe. "Mimi sikatai kusikiliza, nesi. Mwalimu anaruka maneno. Anasema mbili mara tatu ni, halafu watoto wote wanaandika, mimi sijui ameshasema saa ngapi."

Akaanza kunieleza habari za kaka yake aliyevunja kibuyu cha maziwa, na katikati ya neno akanyamaza. Macho yalikuwa wazi. Kope zilichezacheza kidogo. Mdomo ulibaki nusu wazi, kama mtu anayesikiliza kitu mbali. Nikahesabu hadi kumi. Kisha akaendelea, "…na bibi akamkimbiza hadi mferejini," kana kwamba hakuna kilichotokea.

Mama yake akaniangalia. "Ni hivyo. Kwa siku hata mara ishirini."

Nilijua ni kifafa. Hapo sikukosea, na nilimwandikia mwalimu barua kali sana kwamba mtoto ni mgonjwa, asipigwe. Mama Namsifu aliilia barua ile. Alisema tangu mumewe afariki hakuna mtu aliyewahi kuandika neno la kumtetea. Kisha nikafungua kabati, nikatoa kopo la bati. Kwenye daftari langu kifafa kilikuwa ukurasa mmoja, na chini ya ukurasa dawa ilikuwa moja.

Baada ya mwezi mmoja mama akarudi. "Sasa anasinzia darasani. Na kule kutoka hakujapungua. Mimi naona kumeongezeka."

Nikaongeza kidonge.

Akarudi tena. Mtoto alikuwa amenenepa uso kidogo, anaongea polepole. Mbele yangu alitoka mara tatu katika muda ambao ungechemsha chai. Nikajiambia ugonjwa huu ni mkaidi, nikaongeza tena. Vijana, mkiona dawa haifanyi kazi, kuna maswali mawili ya kujiuliza: je, kipimo ni kidogo, au dawa siyo? Mimi nilijiuliza la kwanza peke yake, mwaka mzima, kwa sababu la pili lingenihusu mimi.

Aliyelijua la pili ni Mzee Zuberi. Alikuwa amepanga chumba karibu na nyumba ya Mama Namsifu, na kila asubuhi akipita anamwona mtoto jikoni. Siku moja nilikuwa naandika ripoti ya mwezi, akaja akasimama, akakausha mikono yake kwa taulo muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Nesi, kuna jambo la yule binti. Nimemtazama anapuliza moto. Kuni zikiwa mbichi anapuliza sana, na kila akipuliza sana, anatoka. Leo nimeona mara tatu. Akipuliza kidogo, hatoki."

"Moshi unamsumbua," nikasema.

"Moshi ulikuwa unakwenda upande wangu. Halafu jambo lingine. Huyu haanguki. Hajaanguka hata siku moja. Dawa yako ni ya wanaoanguka. Mimi naona hiki ni kifafa kingine. Mwandikie barua aende hospitali kubwa, wakamtazame wenye vyombo."

Nilikuwa nimechoka. Mvua ilikuwa imenyesha juma zima, na wiki hiyo nilikuwa nimempoteza mama mmoja aliyekuwa akijifungua. Lakini uchovu haukunipa maneno niliyoyasema, uliyafungulia mlango tu.

"Mzee Zuberi, wewe umesomea wapi?"

Akaacha kukausha mikono. "Sikusoma, nesi," akasema. Akarudi kwenye jiko lake la mafuta ya taa kuchemsha sindano. Hakunisemesha tena habari za mtoto yule. Habari nyingine zote alinisemesha kwa upole uleule, na hilo ndilo lililonifanya niamini kwamba hakuumia. Mwaka uliofuata alistaafu, akateremka kuishi kwa binti yake kwenye mji wa barabarani, na sikumwona tena. Nilisikia habari za kifo chake baada ya maziko.

Wakati huo ndipo vijiji vya ujamaa vilipokuwa vinapangwa. Huku milimani wengi walibaki walipokuwa, ila kule tambarare kilianzishwa kijiji kipya mbele ya Maore, na wenye mashamba madogo waliombwa kushuka. Wengine waliombwa kwa maneno, wengine walikuta lori limeshafika. Mama Namsifu, mjane mwenye vipande viwili vya shamba lenye mawe, alishuka mwenyewe. Aliniambia huenda kule chini Namsifu akapata nafuu kwa joto.

Hakupata nafuu. Nilikuwa nashuka mara moja kwa mwezi kuchanja watoto na kupima wajawazito, nikawa nawaona. Namsifu alikuwa amefikisha miaka kumi na moja, shule ameiacha. Siku za kazi ya pamoja alikuwa anakwenda shambani na wenzake, mstari mrefu wa watu wakilima na kuimba. Anainua jembe, analishusha, anainua, kisha jembe linabaki hewani na yeye hayupo. Mstari unapita, yeye amebaki nyuma. Kiongozi mmoja wa kijiji alimwita kupe mbele ya watu. Mnajua lilivyokuwa neno kupe miaka ile? Lilikuwa la mabepari wanaonyonya jasho la wengine. Mtoto wa miaka kumi na moja alirudi nyumbani, akamwuliza mama yake, "Mimi namnyonya nani?"

Nilimfuata kiongozi yule, nikamfokea. Hodari wa kufokea watu wengine nilikuwa. Kisha nikampa mama vidonge vya mwezi, vilevile.

Halafu dawa zikaadimika. Sisemi ni kosa la nani, maana nchi nzima ilikuwa inabana mkanda, na sanduku letu la dawa likawa linakuja nusu, mara nyingine bila kitu ila bandeji na dawa ya minyoo. Siku moja asubuhi, kwenye saa tatu, Mama Namsifu akaingia zahanati. Alikuwa amepanda mlima tangu alfajiri. Miguu yake ilikuwa nyekundu kwa vumbi hadi magotini.

"Shikamoo nesi," akasema. Nilikuwa mdogo kwake, lakini hivyo ndivyo alivyonisalimu siku zote, kwa ajili ya sare, nami sikumkataza. "Vidonge vimekwisha juzi."

Nikafungua kopo. Nikavimwaga kwenye kiganja, nikavihesabu. Thelathini na vinne. Wagonjwa niliokuwa nao, mnajua idadi yao. Nikafikiri: yule mwanamke aliyeungua uso asikose. Mbeba magogo asikose, anatembea kwenye magenge. Wale wawili wanaochota maji mtoni wasikose. Nikafika kwa Namsifu, na yakanijia maneno ambayo nilikuwa nimeyakataa. Huyu haanguki. Nikaona: basi anaweza kusubiri.

"Rudi baada ya wiki mbili," nikamwambia. "Sanduku litakuwa limefika. Yeye haanguki, hatadhurika."

"Haya, nesi. Asante."

Akanywa maji, akashuka.

Ninyi mmesoma, mmeshajua ninakokwenda. Dawa ile, mtu akiimeza mwaka na zaidi, tena kwa kipimo kile nilichompandisha, haikatwi ghafla. Hupunguzwa kidogo kidogo, kwa wiki nyingi. Ubongo uliozoea kushikwa ukiachiwa kwa mara moja hulipuka, hata ule ambao haukuwahi kulipuka. Ilikuwa imeandikwa kwenye daftari langu, mstari wa mwisho wa ukurasa uleule. Nilikuwa nimeipigia mstari kwa penseli.

Siku ya nne baada ya hapo, mchana, nikasikia watu wanapanda wakiomba njia. Wanaume wanne walikuwa na machela ya miti na gunia. Mama alikuwa nyuma, khanga imemdondoka mabegani, hana habari. Namsifu alikuwa anatetemeka mwili mzima. Nikauliza tangu saa ngapi.

"Tangu jua linachomoza," mmoja akasema. "Anaacha kidogo, hafumbui macho, anaanza tena."

Jua lilikuwa limepita utosi.

Nilikuwa na chupa moja ya paraldehaidi, sindano ya kukomesha kifafa kisichotulia. Dawa ile ina harufu ambayo ukiijua huisahau, kali, kama tunda lililooza ndani ya spiriti. Nilivuta kwa bomba la kioo, nikamchoma paja, nikangoja. Nikamchoma la pili. Nilimlaza ubavu, nikamsafisha koo, nikampoza kwa maji, nikafanya yote ambayo ningewafundisha ninyi. Alitulia alasiri. Wanaume wakapiga makofi. Mama Namsifu akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji, akanishika miguu, akasema Mungu akubariki nesi, umeniokolea mwanangu.

Nikamwinua. Nikaenda kuosha bomba la sindano.

Alilala siku tatu. Alipofumbua macho, tulimwita jina lake, akageuza kichwa upande wa sauti, na ndivyo tulivyojua kwamba anasikia. Maneno hayakurudi. Kutembea kulirudi baada ya mwaka, kwa kuburuta mguu wa kulia. Yule mtoto aliyenisimulia habari za kibuyu cha maziwa hakusimulia tena kitu. Mama yake alimlisha, alimwogesha, alimvalisha. Tulimpeleka hospitali kubwa, hatimaye, kwa barua niliyopaswa kuiandika zamani. Walimtazama, wakasema uharibifu umeshakuwa.

Watu wa kijiji walimkimbia zaidi. Majirani hawakuingia tena nyumba ile kwa kuogopa povu, wala hawakuazimana nao chombo. Mimi niliingia. Kila mwezi nilishuka, nikaketi, nikala makande kwenye sahani yao, nikamkata Namsifu kucha. Mama yake alikuwa ananifungia ndizi za kubeba, mara nyingine kuku, na kila nilipoikataa zawadi aliona ni unyenyekevu. Akawa anawatangazia watu, bila yule nesi mwanangu angekuwa kaburini. Nilikaa na sifa hiyo miaka mingi kuliko umri wenu. Sikuweza kuitema wala kuimeza.

Nilipokaribia kustaafu tuliitwa semina mjini Same. Daktari kijana, wa umri wenu, akatuchorea ubaoni seli ya ubongo. Akasema kwenye ngozi ya seli kuna vilango vidogo mno, na kila aina ya kilango inapitisha kitu chake. Vingine ni vya kalsiamu, ileile iliyo kwenye mifupa na maziwa. Nje ya seli kalsiamu ni nyingi, ndani ni kidogo sana. Kilango kikifunguka inaingia kwa kasi, na seli inapiga mshindo wake wa umeme. Ndivyo tunavyofikiri, ndivyo tunavyokumbuka. Kalsiamu ikiingia kwa wakati wake, mtu ni mzima.

Kisha akasema ipo aina moja ya vilango vya kalsiamu, katikati kabisa ya ubongo, vinavyofunguka kwa kuguswa kidogo tu. Kazi yake ni mapigo ya usingizi. Kuna watoto ambao vilango hivi hufunguka vyote kwa pamoja mchana kweupe, mara tatu kwa sekunde, na ubongo mzima unafuata mapigo hayo. Mtoto haanguki. Anatoka tu, sekunde kumi, kisha anarudi.

"Mkitaka kumjua," daktari akasema, "hamhitaji mashine. Mwambieni apumue kwa nguvu dakika tatu, kama anapuliza moto. Atatoka mbele ya macho yenu."

Kalamu ilinidondoka. Nesi aliyekaa karibu nami akainama kuniokotea.

Nilinyoosha mkono. "Daktari, ukimpa mtoto huyo fenobabitoni?"

"Haimsaidii, mama, na inaweza kumzidishia. Dawa ile inazituliza seli, inazilaza. Sasa hivi vilango vina tabia ya ajabu: seli ikilazwa sana, ndipo vinapojiandaa kufunguka. Mtoto huyu dawa yake ni ethosuksimidi. Hiyo ndiyo inayokwenda kuvibana vilango vyenyewe."

"Na hiyo ethosuksimidi imekuja lini?"

Akafikiri. "Habari ya vilango ni ya baadaye, enzi zenu ilikuwa haijajulikana vizuri. Lakini dawa yenyewe ni ya zamani, mama. Ni ya miaka ya karibu na Uhuru. Sijui kama ingefika zahanati za vijijini. Kwenye hospitali kubwa, pengine."

Pengine. Nililala na neno hilo wiki nzima. Si lazima angepona, sisemi hivyo. Labda barua ingepotea, labda hospitali ingekuwa haina. Lakini watoto wengi wa aina ile huacha wenyewe kutoka wanapokua, daktari alilisema hilo pia, kwa haraka, akiwa anafuta ubao. Yaani hata kama nisingempa kitu chochote. Hata kama ningekaa na mikono yangu mapajani.

Nikaona siwezi kustaafu na jambo hili. Nikashuka hadi kile kijiji cha tambarare. Mama Namsifu alikuwa mzee sasa, mgongo umeinama. Namsifu alikuwa mwanamke mtu mzima, ameketi kwenye mkeka uani, nywele zake zimesukwa kwa uzi vizuri kabisa, kama siku ya kwanza. Bado mama yake alikuwa anamsuka.

Safari hii nikawahi mimi. "Shikamoo, dada."

Alishtuka, akacheka. "Marahaba. Leo nesi amekuwa mdogo."

Nikaketi chini, nikamweleza. Nilianza na daktari na vilango, nikaona namkimbia, nikaviacha. Nikasema kwa lugha yetu ya nyumbani, ili nisijifiche kwenye maneno makubwa. Dawa niliyompa siyo iliyomfaa. Niliambiwa, nikakataa kusikia. Na siku ile ulipopanda mlima, vidonge nilikuwa navyo. Vilikuwa mkononi mwangu. Nikakwambia rudi baada ya wiki mbili.

Alikuwa anachambua maharage. Hakuacha kuchambua. Alitoa mawe mawili, akayatupa. Namsifu aligeuza kichwa upande wa sauti yangu.

"Mdogo wangu," Mama Namsifu akasema, "miaka yote hii, nyumba hii ameingia nani?"

Nikaokota moja la yale mawe.

"Nimekuuliza. Ameingia nani?"

"Mimi."

"Wewe peke yako. Nikilala nasema, nina mtu mmoja aliyenitendea mema. Ndilo jambo ninalolala nalo." Akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu nianze kusema. Hakuwa na hasira, na ningeomba awe nayo. "Mimi ni mzee. Sina nguvu ya kuanza kukuchukia sasa. Na nikiacha kukushukuru, nitabaki na nini? Hilo ulilokuja nalo, rudi nalo."

Akaingia ndani, akatoka na mkungu mdogo wa ndizi umefungwa kwa majani makavu, akauweka miguuni pangu kama siku zote. Nikaupokea. Nikamkata Namsifu kucha. Nikaaga, nikashika njia ya Gonja, nikarudi nalo.